Padre Anakusubiri: kutafuta chanzo cha makosa ya kinanda kinachobuni papo hapo katika Misa

Kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Malindi alinijia baada ya Misa ya pili, uso umemshuka. "Mwalimu, nimefanya mazoezi wiki nzima, na bado Padre amenigeukia." Nilikuwepo, nikasikia. Vidole vyake havikukosea hata noti moja. Ila Padre alikuwa ameshanawa mikono na kurudi katikati ya altare, na kijana bado alikuwa njiani na muziki wake, anapanda kwenda kwenye noti za juu. Kanisa zima likangoja.

Nimeitwa mara nyingi kutazama matatizo ya wapiga vinanda wa parokia za huku pwani, na mengi niliyoyakuta yalianzia sikioni na machoni, si vidoleni. Anayebuni papo hapo kanisani, yaani anayetunga muziki huku akiupiga, anajaza nafasi ambayo urefu wake umeshikwa na mtu mwingine. Asipomtazama mtu huyo, hata akipiga vizuri namna gani, atakuwa anapiga nje ya Misa.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa, rekodi Misa nzima kwa simu. Iweke kwenye benchi katikati ya waumini, si karibu na spika yako. Jumatatu sikiliza, na kila mahali unapokunja uso, jiulize: dakika ile altareni kulikuwa kunafanyika nini? Kisha rudi hapa utafute dalili yako.

Padre anakusubiri, au wewe unamkatiza

Hili ndilo ninaloulizwa zaidi, nami nitakaa nalo. Vyanzo viko viwili na mara nyingi vinakuja pamoja.

Cha kwanza, hujui matendo ya altare kwa mpangilio wake. Chukua maandalizi ya vipaji, yaani mkate na divai. Kwaya imemaliza wimbo, wewe unaendelea peke yako. Padre anainua mkate, anatia divai na tone la maji katika kikombe, anakiinua, anainama na kusali kimya. Kama kuna ubani, anafukiza vipaji, msalaba na altare, kisha yeye na waumini wanafukizwa. Hapo una nafasi ndefu. Halafu anakwenda pembeni kunawa mikono. Kunawa ndiko ishara yako. Maji yakianza kumiminwa, wewe anza kurudi nyumbani, yaani kwenye do, ili anaposema "Salini, ndugu" mikono yako iwe mapajani. Ukingoja mpaka afungue mdomo umeshachelewa. Baada ya Komunyo ishara ni kutakasa vyombo: kikombe kikifunikwa au kikiondolewa altareni, tafuta mwisho.

Mpigaji aliyekalia upande usioiona altare ana shida kubwa zaidi. Nimeona parokia ikiweka kioo kidogo juu ya kinanda, kama cha pikipiki, na tatizo la miaka likaisha Dominika moja. Hata katika makanisa makubwa ya Ulaya, ambako ogani huwa juu nyuma ya waumini, mpigaji hutumia kioo, na siku hizi kamera.

Chanzo cha pili ni kwamba huna pa kutokea. Umejenga kifungu kirefu ambacho hakiwezi kuisha mpaka kifike mwisho wake. Tiba yake ni zoezi la makofi. Mwombe mtu akae nyuma yako nyumbani. Wewe buni chochote, naye apige kofi wakati wowote anaotaka. Kuanzia kofi lile una mapigo manane ya kufika kwenye do na kutua. Ukikamatwa kwenye kodi ya fa (kodi ni sauti tatu au nne zinazopigwa pamoja), pita so, ingia do. Ukikamatwa kwenye la, pita re, kisha so, kisha do. Ukikamatwa kwenye mi uko mbali na nyumbani, kwa hiyo jifunze kutozurura huko dakika za mwisho. Na kama nafasi imeisha kabisa, fa kwenda do moja kwa moja, kama tunavyoitikia Amina, itakusitiri. Ukiweza manane, punguza yawe manne. Kijana niliyemtaja alifanya zoezi hili na dada yake kwa majuma matatu, na sasa anatua kama mtu anayeshuka ngazi ya nyumbani kwao.

Wengine wananiuliza kama wanaweza kuendelea kwa sauti ya chini wakati Padre anasali, hasa wakati wa mageuzo, "ili watu waguswe". Wameona hivyo kwenye mikutano ya maombi. Jibu ni hapana. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Roma, namba 32, unasema padre anapotamka sala zake kama kiongozi kusiwe na sala nyingine wala wimbo, na ogani na ala nyingine zinyamaze. Ukimya ule ndio muziki wake. Usiuguse.

Waumini hawaingii, au wanaingia kila mtu na sauti yake

Tazama kwanza kitufe cha kuhamisha sauti, kile kinachopandisha au kushusha sauti zote za kinanda. Kabla ya kuilaumu kwaya, kabla ya kujilaumu wewe. Mtu wa mazoezi ya Jumamosi amekiacha juu kwa hatua tatu, na asubuhi wewe unapiga do ni F ukidhani ni F. Mkesha mmoja wa Pasaka lilinipata mimi: Utukufu ulianza, kengele zinalia, na kina mama wa soprano wakafika mahali sauti zikawakatika. Mama mmoja mzee alinishika mkono nje ya kanisa. "Mwanangu, leo umetupandisha mnazi mrefu." Sikulala vizuri usiku ule. Tangu hapo kazi yangu ya kwanza nikifika ni kuzima kinanda na kukiwasha upya, kisha kupiga la na kuilinganisha na uma wa sauti wa 440.

Kama kitufe kiko sawa, tatizo liko kwenye utangulizi uliobuni. Watu wanahitaji vitu vitatu kutoka kwako: wimbo gani, do iko wapi, na mwendo gani. Utangulizi mzuri unaochukua dakika mbili lakini ukaishia kwenye kodi isiyo do wala so umewaacha mlangoni. Buni unavyotaka mwanzoni, ila mstari wa mwisho uwe mstari wa mwisho wa kiitikio wenyewe, kwa mwendo ule ule watakaouimba, bila kupunguza kasi. Wapigaji wengi hupunguza kasi mwishoni kwa uzuri, kisha wanashangaa kwa nini wimbo umeanza kwa kulegea. Kisha toa pumzi. Kweli: inua mikono na uvute pumzi yako mwenyewe kwa kiasi ambacho mwimbaji angevuta. Watu huvuta pamoja nawe hata wasipokuona.

Kila unachobuni kinafanana na cha Dominika iliyopita

Do, fa, so, do. Tena do, fa, so, do, safari hii kwa sauti ya filimbi. Chanzo ni kuanza na kodi ukitumaini wimbo utatokea. Geuza: anza na wimbo, kodi zitafuata.

Chukua noti nne au tano tu. Mfano mzuri ni mwanzo wa Salve Regina, wimbo wa Kilatini wa Bikira Maria, kwa sauti yake ya kawaida: do, mi, so, la, so. Zipige peke yake, bila mkono wa kushoto. Zihamishe zianzie fa: fa, la, do, re, do. Zianzie so: so, ti, re, mi, re. Sasa zipeleke mkono wa kushoto ziende polepole, kila noti mapigo manne, na mkono wa kulia ufanye jambo dogo juu yake. Zigeuze: so, la, so, mi, do. Umeshapata dakika mbili za muziki na hujatumia wazo la pili. Mtu aliyeijua Salve Regina tangu ubatizo wake atasali bila kujua ni kwa nini amekumbuka.

Ndivyo walivyofanya mabwana wa kazi hii. Charles Tournemire, aliyekuwa mpigaji wa Sainte-Clotilde mjini Paris, alibuni Misa nzima akiwa na nyimbo za Kigregori (nyimbo za kale za Kanisa kwa Kilatini) za siku ile mbele yake. Hakuwa akitafuta mawazo hewani. Alikuwa akisoma siku ya liturujia na kuitafakari kwa vidole. Kwako wewe chanzo kinaweza kuwa kiitikio cha zaburi kilichoimbwa dakika ishirini zilizopita. Kichukue baada ya Komunyo. Watu wametoka kukiimba, kiko bado kinywani mwao.

Na kama umechoka na ladha ya do kubwa, hamia kwenye re. Piga re, mi, fa, so, la, ti, do, re kwa funguo nyeupe tu, na nyumbani kuwe re. Ukitaka kutua, toka kodi ya do uingie kodi ya re, fa, la. Usipandishe do nusu hatua ili kulazimisha kituo. Hapo ndipo ladha ya Kigregori inapopotea. Kwa utangulizi wa nyimbo za Kwaresima na wa zaburi za toba sijui njia fupi kuliko hiyo.

Harusi imeingia kanisani

Huku kwetu mpiga kinanda wa Dominika mara nyingi ndiye wa harusi ya Jumamosi, na silaumu: kanisa halimlipi ada ya shule ya watoto. Lakini mkono una kumbukumbu. Mkono wa kushoto unaanza kuchezesha mwendo wa chakacha chini ya wimbo wa Komunyo, mabega ya vijana yanajibu, na nusu ya kanisa imeshafika ukumbini.

Dalili nyingine ni ya sauti zenyewe. Ukibuni kwenye la ndogo na vidole vikateleza mi, fa, so iliyopandishwa nusu, la, kwa madaha na kutetemesha noti ya mwisho, umeingia taarabu. Ni muziki wa heshima, ni wetu, umelelewa pwani hii. Ila masikio ya watu wa Malindi yanaujua unakokaa, na yatakwenda huko.

Tiba si kuogopa mdundo. Ngoma na kayamba za Kigiriama zina nafasi yake kwenye Utukufu na kwenye maandamano ya vipaji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 120, uliiheshimu sana ogani ya mabomba na papo hapo ukaruhusu ala nyingine zinazofaa au zinazoweza kufaa kwa ibada. Swali ni tendo gani linafanyika. Watu wakitembea na vikapu vya mahindi na nazi kuelekea altareni, mdundo unabeba miguu. Watu wakiwa wamepiga magoti baada ya kumpokea Bwana, mdundo ule ule unawanyanyua wasipotaka kunyanyuka. Hapo shika noti moja ya chini, iache ikae, na juu yake buni kwa sauti mbili tu bila kipimo cha kuhesabika.

Zima pia midundo ya mashine. Yote. Na kwenye orodha ya sauti za ogani chagua ile ya kanisa. Ile inayotetemeka kama spika inayozunguka ilibuniwa kwa kazi nyingine.

Unawaiga wapigaji wa Paris na kwako kunasikika patupu

Desemba 2024, Notre-Dame ya Paris ilipofunguliwa tena baada ya moto wa 2019, askofu mkuu aliiita ogani iamke, mara nane, na kila mara wapigaji wake wakajibu kwa muziki waliobuni pale pale. Vijana wetu waliona kwenye simu na wakawaka moto. Nilifurahi kuliko wao. Dominika iliyofuata walipiga kodi kubwa moja, wakaiacha, wakasubiri. Kukawa kimya. Feni zikasikika.

Chanzo ni jengo. Kanisa lile la mawe lenye dari refu hushikilia sauti sekunde kadhaa baada ya mkono kuinuka. Mpigaji anapiga na jengo linamalizia. Makanisa yetu yana madirisha wazi pande zote ili upepo wa bahari upite, na sauti inatoka na upepo. Nenda kwenye kile kikanisa cha Wareno karibu na bahari, katika mji huu ambao Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita mwaka 1542 akielekea India, upige kofi moja chini ya paa la makuti. Halirudi. Makuti hunywa sauti.

Kwa hiyo unachotakiwa kuiga ni mawazo yao, si ukimya wao. Unganisha noti kwa vidole: kidole kisitoke kwenye ufunguo mpaka mwenzake ameshashuka. Badilisha vidole juu ya noti moja bila kuiachia. Na usikimbilie pedali ya kuvuta sauti. Kwenye sauti ya ogani inaacha kodi ya zamani juu ya mpya na kila kitu kinakuwa uji.

Sauti ya waumini imezama

Kifupi: umefungulia sauti zote. Kwenye ogani ya mabomba, sauti ya futi 8 hutoka pale pale ilipoandikwa, ya futi 4 oktava moja juu, ya futi 16 oktava moja chini, na vinanda vingi vya umeme vinaiga majina hayo. Kusindikiza wimbo wa watu, futi 8 na futi 4 zinatosha. Futi 16 iache kwa mkono wa kushoto au miguu, na kama besi wako wapo na wana nguvu, ipunguze, msigombane. Sauti za juu sana zenye kung'aa weka kwa ubeti wa mwisho.

Umepiga vizuri, na bado wazee wa kanisa wamekuita

Fungua kalenda. Wakati wa Kwaresima ogani na ala nyingine ni kwa ajili ya kusindikiza nyimbo tu, isipokuwa Dominika ya 4, sherehe na sikukuu. Kwa hiyo tarehe 19 Machi ya Mtakatifu Yosefu na 25 Machi ya Kupashwa Habari unaweza kubuni. Majilio, kwa kiasi, bila kuitangulia furaha ya Noeli. Tangu Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, kusindikiza tu. Na Misa za wafu: agizo la Roma juu ya muziki mtakatifu la tarehe 5 Machi 1967 halikubali kinanda kupiga peke yake humo. Najua familia zilizofiwa huomba "kitu cha kuliwaza" wakati jeneza linatoka. Waimbie. Sauti za majirani zinaliwaza kuliko mimi na wewe.

Noti moja inapiga kelele kuliko wenzake, au haitoki

Hapa si wewe, ni bahari. Chini ya kila ufunguo wa kinanda cha umeme mna kimpira chenye ncha nyeusi kinachogusa bodi. Chumvi, unyevu na vumbi vikitanda hapo, noti inatoka kwa nguvu zote au inakataa. Fundi afungue, apanguse bodi kwa pamba na spiriti safi, na kimpira kwa kitambaa kikavu. Usinyunyize chochote kutoka juu. Kifunike kwa kitambaa cha pamba, si kwa nailoni inayofungia jasho ndani. Mlio wa kunguruma kwenye spika, badilisha waya kwanza, kisha soketi inayoshirikiana na feni.

Umeme umekatika katikati ya ubeti

Usisimame, usigeuke, usiwaombe radhi kwa uso. Imba. Sauti yako ikisikika, kwaya inajua kwamba wimbo unaendelea.

Umeme ukirudi ndipo hatari ilipo. Watu wanaoimba bila ala hushuka kidogo kidogo, na baada ya beti mbili wanaweza kuwa wameteremka nusu hatua au zaidi. Kinanda nacho kimejiwasha upya, kimesahau sauti uliyochagua na pengine kipo kwenye piano yenye mdundo. Punguza sauti mpaka sifuri. Rudisha ogani. Gusa do kwa sauti ambayo wewe tu unaisikia, uilinganishe na wanachokiimba. Ikikubaliana, ngoja kiitikio na uingie taratibu na noti ya besi. Ikikataa, toa mikono, waache wamalize wenyewe hadi mwisho, na uwape do mpya kwenye wimbo unaofuata.